Mashine ya zege haivunji karatasi, mwalimu

Swali limetoka kwa mwalimu wa shule ya msingi anayeishi Mikindani, Mtwara. Kwa ufupi anasema hivi: "Shikamoo fundi. Nimekusanya karatasi kwa miaka miwili sasa: madaftari yaliyoisha, magazeti, maboksi, trei za mayai na mifuko ya saruji. Nataka kufyatua tofali za karatasi na saruji nijenge vyumba viwili vya uani. Jirani ananiuzia mashine ya kuchanganyia zege ya dizeli, imetumika lakini bado nzima. Fundi rangi ananiambia ninunue drili yenye pangaboi la kukorogea. Kijana wa karakana anasema atanitengenezea dramu la kuvunjia karatasi, linaloendeshwa na injini ya pikipiki. Nyumbani nina umeme, kiwanjani sina. Watoto wanapenda kunisaidia. Hela ninayo ya kununua kimoja tu. Ninunue kipi?"

Marahaba, mwalimu. Ya jirani usinunue. Drili ina kazi yake, ila si hii yote. Dramu ndilo jibu, lakini kwa mota ya umeme, si kwa injini ya pikipiki. Sasa nikueleze kwa nini, maana ukishaelewa sababu utaweza kujiamulia hata siku mtu mwingine atakapokuletea mashine ya nne.

Tofali ya karatasi ina kazi mbili ndani yake, na watu wengi huziona kama moja. Ya kwanza ni kuivunja karatasi mpaka nyuzi zake ziachane. Ya pili ni kuzichanganya nyuzi hizo na saruji na mchanga. Ya kwanza ni ngumu, inataka maji mengi na kitu kinachozunguka kwa kasi. Ya pili ni nyepesi, inafanyika kwa beleshi. Anayetafuta mashine moja ya kufanya zote mbili mara nyingi anaishia kununua ile inayoiweza ya pili tu, yaani ile ambayo asingeihitaji.

Mashine ya zege ni ya kazi ya pili. Pipa lake linazunguka polepole, linabeba vitu juu na kuviachia vianguke. Kokoto na mchanga vinachanganyika vizuri kwa njia hiyo kwa sababu ni vizito na kila punje imeshajitenga na mwenzake. Karatasi iliyolowa haianguki hivyo. Inajiviringisha. Mimi mwenyewe nilijaribu zamani nikiwa Lindi, kwenye mashine ya kuazima, nikaiacha izunguke zaidi ya saa nzima. Nilipomwaga nikapata madonge ya ukubwa wa maandazi, nje yamepakwa saruji vizuri kabisa. Nikapasua moja kwa mikono: katikati kipande cha gazeti kikavu, herufi zinasomeka. Tofali yenye donge kama hilo ndani ina tundu ambalo hulioni, na siku ya kupigilia msumari ndipo utakapolijua.

Kuhusu drili. Fundi rangi wako hakukosea kabisa. Ile mashine nzito ya mikono miwili inayotumika kukorogea rangi na gundi ya vigae, yenye wati 1,200 au zaidi, inaweza kuvunja karatasi laini kwenye ndoo kubwa. Trei za mayai zitakutii mara moja, kwa sababu zenyewe ni karatasi iliyokwisha kupondwa na kukaushwa kwenye umbo. Magazeti yaliyolowekwa siku mbili nayo yatakubali. Maboksi yatakusumbua, na karatasi ngumu ya mfuko wa saruji itajizungusha kwenye pangaboi kama nywele kwenye kitana. Ila kuwa mwangalifu, usije ukauziwa drili ya kawaida ya kutobolea ukuta. Feni inayoipoza iko kwenye shafti ya mota yenyewe. Mzigo ukiielemea ikazunguka polepole, na upepo wa kuipoza unapungua wakati huohuo joto linapanda. Nimeunguza moja kwa namna hiyo, na ile harufu ya waya zikiungua ilipofika puani ilikuwa imekwisha kufa. Kwa tofali 20 za majaribio drili nzito inatosha. Kwa vyumba viwili utachoka wewe kabla yake.

Twende kwenye dramu, na hapa nitakaa kidogo.

Dramu la lita 200 lina upana wa sentimita 57 hivi na kimo kama 88. Ndani yake unataka kisu kimoja kinachozunguka karibu na kitako, sentimita 8 kutoka chini. Kisu hicho ni kipande cha bapa la chuma, unene milimita 6, upana sentimita 5, urefu sentimita 30, ncha zake zimekunjwa kidogo kwenda juu ili kiyasukume maji yapande. Mwambie kijana wa karakana asikinoe. Najua atataka kukinoa, maana anakiita kisu. Lakini hatukati karatasi, tunaichana na kuisugua ndani ya maji. Uzi mrefu ndio unaoishikilia tofali isipasuke. Ukiukata vipandevipande umejitengenezea vumbi lililolowa.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi wa kuchomelea hawalijui, na ndilo linalounguza mota za watu. Nguvu inayohitajika kuzungusha kisu ndani ya maji haiongezeki sawasawa na kisu. Ukizidisha kasi mara mbili, mzigo kwenye mota unapanda mara nane. Na ukirefusha kisu kutoka sentimita 30 hadi 40, kwa kasi ileile, mzigo unazidi mara nne. Sentimita 10 tu! Kwa hiyo fundi akikuambia "tuweke kubwa kidogo lifanye kazi haraka," mkatalie kwa upole. Kisu cha sentimita 30 kinachozunguka mara 700 hivi kwa dakika, kwa mota ya nguvu farasi 2, kinatosha dramu hili.

Hesabu ya puli ni rahisi, ungeweza kuwapa wanafunzi wako wa darasa la saba. Mota ya umeme wa nyumbani iliyo ya kawaida huzunguka karibu mara 1,450 kwa dakika. Ukiweka puli ya inchi 3 kwenye mota na ya inchi 6 kwenye shafti ya kisu, kasi inagawanyika kwa mbili: 725. Basi. Lakini soma kwanza kibao kilichobandikwa kwenye mota, kwa sababu zipo nyingine zinazozunguka mara 2,900, na hizo zinataka puli ya inchi 12 upande wa kisu. Ukifunga puli za inchi 3 na 6 kwenye mota ya 2,900, kisu kitakwenda mara 1,450, na ule mzigo wa mara nane ndio huo.

Shafti ishuke kutoka juu, isipitishwe kwenye kitako cha dramu. Watu wanapenda kuipitisha chini kwa sababu inakuwa fupi, halafu baada ya wiki mbili maji yanavuja kwenye beringi na kutu inaanza. Shafti ya milimita 30, iliyoshikwa na beringi mbili juu ya dramu, zikiachana angalau sentimita 30, haitayumba. Kabla hakijafungwa, kining'inize kisu kwenye msumari kupitia tundu lake la katikati. Upande unaoshuka ni mzito. Uparuzwe kidogo kwa msasa wa umeme mpaka kisu kikae mlalo chenyewe. Ni kazi ya dakika chache, nayo inaziokoa beringi.

Kisha ndani ya dramu zichomelewe mbavu nne za bapa, zisimame wima kwenye ukuta wake, upana sentimita 5. Bila mbavu hizo maji yote yanazunguka pamoja na kisu, na karatasi zinakuwa kama abiria wa basi moja: zinakwenda kasi kweli, lakini hakuna inayogusana na nyingine. Mbavu zinayakatiza maji, yanarudi, yanagongana, na humo kwenye kugongana ndimo karatasi inamovunjika. Nimeona dramu mbili za ukubwa mmoja na mota za aina moja, moja ina mbavu na nyingine haina, na ya pili ilikuwa bado na vipande vya ukubwa wa ukucha wakati ya kwanza imekwisha kumwagwa.

Tundu la kumwagia liwe bomba la inchi 3 lenye kifuniko. Koki ndogo ya maji itaziba siku ya kwanza.

Kwa nini si injini ya pikipiki? Kwa sababu injini ile imetengenezwa ipozwe na upepo wa safari. Ukiifunga mahali pamoja na kuibebesha mzigo kwa dakika 20, inachemka. Vijana wanaiwekea feni, na wengine wanafanikiwa, lakini wewe hutaki kuanza kuwa fundi wa pikipiki. Na kama nyumbani kuna mtambo wa kupulizia mikorosho umekaa tu baada ya msimu, usiuguse pia: injini yake ni ya kasi sana na nguvu ndogo, itakulilia bure. Ingekuwa huna umeme kabisa ningekuambia utafute injini ya petroli ya pampu ya maji, ile ya nguvu farasi 5 au 6, kwa kuwa inajipoza yenyewe ikiwa imesimama. Lakini umeme unao nyumbani, na hapa ndipo kuzitenga zile kazi mbili kunapokulipa. Vunja karatasi nyumbani. Kamua. Pakia kwenye magunia, weka kwenye guta, peleka kiwanjani. Saruji ikutane nayo huko.

Kukamua ni kama kukamua nazi. Rojo likitoka kwenye dramu ni jepesi kama uji wa mgonjwa. Likipita kwenye kifumbu linabaki machicha. Mimi hata jina nimelipa hilo, naliita machicha ya karatasi. Kifumbu chako ni gunia la korosho, lile la katani la mnadani. Kitambaa chake kinapitisha maji na kuzuia nyuzi vizuri kuliko kiroba cha plastiki. Lining'inize kwenye kenchi au tawi, liache lichuruzike usiku kucha, asubuhi liwekee jiwe. Maji yanayotoka usiyamwage. Kwa kuwa hujatia saruji bado ni maji safi ya kulowekea karatasi za kesho, na kwa wenzetu wa Newala na Tandahimba, ambako maji yana gharama, jambo hili peke yake linatosha kuamua namna ya kufanya kazi. Ukitia saruji humo humo ndani ya dramu, kila siku utamwaga maji makali yenye saruji, na kisu na mbavu vitaota ugumba wa zege usiobanduka.

Machicha yasikae zaidi ya siku tatu nne. Yanachacha, yananuka, na ukungu unaota.

Uendeshaji wenyewe: maji lita 120, washa mashine kwanza, ndipo utie karatasi kidogokidogo. Kilo 6 za karatasi, ukizipima zikiwa kavu, zinatosha maji hayo. Ukizidisha, rojo linakuwa zito, linasimama pembeni huku kisu kikizunguka kwenye shimo lake chenyewe. Loweka siku mbili kabla. Toa waya za madaftari. Pini ndogo hazina shida. Majalada yenye nailoni yaweke kando. Na mifuko ya saruji ichague vizuri, maana mingi siku hizi ni ya plastiki iliyofumwa na hiyo haifai kitu hapa. Ile ya karatasi halisi ni hazina, nyuzi zake ni ndefu na imara, ila ichane vipande vidogo na uiloweke siku zaidi.

Utajuaje imeiva? Chukua chupa ya kioo yenye maji safi, tia rojo la kujaa kiganja, funga, tikisa, inua juani. Ukiona wingu jepesi linaloshuka taratibu, imeiva. Ukiona vipande bapa vinapepea kama majani, rudisha dakika nyingine tano. Usiamini macho kwa kutazama ndani ya dramu, rojo zito linaficha.

Kiwanjani, anza na ndoo 3 za machicha, 1 ya saruji na 1 ya mchanga wa mto au wa shimo, si wa ufukweni, maana chumvi itakutokea ukutani. Yachambue machicha kwa mkono kwanza yasiwe na mabonge, changanya na saruji na mchanga kwa beleshi juu ya jamvi gumu, ongeza maji kidogo, jaza kalibu, shindilia. Vaa glovu. Saruji mbichi inakula ngozi, na ukiwa na machicha mikononi kutwa nzima hutahisi mpaka jioni. Fyatua 10 kwa kipimo hicho, 10 kwa kupunguza saruji, uzipige alama, uzisubiri zikauke kabla hujaamua. Na machicha ya majaribio haya hayahitaji mashine yoyote. Kinu na mchi vinatosha, kinu kizee ambacho hakirudi tena jikoni. Mchi unaponda karatasi vizuri ajabu, unaitenganisha bila kuikata. Ningependa ufanye hivyo wiki hii, kabla hujatoa hata shilingi.

Maana kuna swali ambalo hukuniuliza, nalo ndilo linaloamua ukubwa wa mashine: utaanika wapi?

Chukua kalibu ya sentimita 40 kwa 20, kimo 15. Tofali moja pamoja na nafasi ya upepo inakula kama sentimita 50 kwa 30 za uwanja. Uwanja wa mita 4 kwa 5 unabeba kama tofali 130. Pwani yetu hewa ina unyevu, na tofali ya karatasi inashika maji kama sponji. Wakati wa kusi, juani, ihesabie wiki tatu mpaka ndani. Gawa 130 kwa siku 21: unapata tofali 6 kwa siku. Ukizisimamisha kwa ubavu na kuzibananisha baada ya wiki ya kwanza labda ufike 12. Vyumba vyako viwili, vikiwa vya mita 3 kwa 3 na kimo cha mita 2.6, ukitoa milango na madirisha, vitakula tofali 600 hivi, tena weka na za kuvunjika. Kwa 6 kwa siku ni siku 100. Kwa 12 ni 50. Kutoka Juni mpaka mwisho wa Septemba una siku 122. Unaona? Dramu moja likipigwa mara moja au mbili kwa siku linakwenda sawa na jua lako. Mashine kubwa kuliko hapo ingekujazia uwanja tofali mbichi ndani ya wiki mbili, kisha isimame ikusubiri.

Marekani wapo wanaotumia difu la gari, yaani gia za ekseli ya nyuma: wanaligeuza liangalie juu ndani ya tangi, wanafunga kisu, kisha wanalivuta nyuma ya gari mpaka magurudumu yavunje karatasi njiani. Ni ubunifu mzuri na nimewahi kuulizwa sana juu yake. Unawafaa wenye eneo kubwa na jua kali la jangwani. Kwa uani wa Mikindani, hapana.

Naisema hii ya msimu kwa uchungu kidogo. Huku kwetu hela inaingia na mnada wa korosho, Oktoba na Novemba, na ndipo watu wanaponunua mashine. Desemba mvua imeshika. Nimeona tofali mia na zaidi zimeota ukungu wa kijani chini ya turubai, jasho la mtu aliyefanya kila kitu sawasawa isipokuwa mwezi. Hela ikiingia, nunua chuma na mota, tengeneza dramu mvua zikinyesha, anza kufyatua Juni.

Kuhusu ukuta wenyewe nitasema machache, kwa kuwa hukuuliza, lakini sitaki uumie. Tofali hizi ni za kujazia kati ya nguzo, zisibebe paa. Paa libebwe na nguzo na linta za zege. Msingi uwe wa mawe, juu yake nailoni nzito ya kuzuia unyevu, mistari miwili ya kwanza iwe tofali za saruji za kawaida. Mchwa anaipenda karatasi na hachoki kuitafuta. Jikoni kwa mafiga usiziweke, kwa sababu haziwaki kwa mwali lakini zinaweza kufukuta ndani kwa ndani. Piga lipu yenye chokaa pande zote mbili. Nyumba kongwe hapo Mikindani kwenu zimesimama kwa mawe na chokaa, na chokaa inauacha ukuta upumue, jambo ambalo ukuta wa karatasi unalihitaji kuliko ukuta wowote.

Na usalama, mwalimu, kwa sababu umeandika kwamba watoto wanapenda kusaidia. Mkanda na puli vifunikwe kwa bati, si "tutafunika baadaye". Ncha ya kanga au khanzu ikinaswa na mkanda hakuna anayewahi kuzima. Swichi iwe mbali na maji, mahali ambapo mkono unafika bila kupita juu ya dramu, na mwite fundi umeme aweke kikata umeme kinachojizima chenyewe umeme ukivuja, kwani hapo utakuwa umesimama kwenye tope la maji na chuma chenye mota. Dramu lenyewe lisiwe lililowahi kubeba dawa za mikorosho, hata ukiambiwa limeoshwa mara kumi.

Ukipata mota, kabla hujalipa, niandikie namba za kwenye kibao chake: mizunguko, nguvu farasi na volti. Nitakupigia hesabu ya puli, na kama ni mota isiyofaa nitakuambia mapema.